Imeharibika

Kamera niliinunua Daraja Kavu, Tbilisi,
kwa mtu aliyekuwa akiuza pia medali za babake
na vijiko sita, kimoja kimepinda.
Akanitajia bei, nikaguna, akapunguza.
Mtambo mzima huu, akasema,
ila unavujisha mwanga kidogo pembeni.
Hata nyumba yangu inavuja, nikamwambia. Nikalipa.

Tangu hapo Jumapili zangu ni za kuta.
Napanda Sololaki kwa miguu, nashukia Vera,
naingia nyuma ya viwanda vilivyokufa,
mahali ambapo paka ndio wenye hati ya kiwanja.
Nimeona nyangumi kwenye gereji ya bati:
mlango ukifunguliwa, anakatika mkia.
Nimeona jina la Lamzira mara arubaini
ukutani mwa shule, na chini yake, kwa mkono mwingine,
kwa haraka: Amekusikia. Nyamaza.
Nimeona komamanga limechorwa kuzunguka tundu la risasi,
tundu likawa punje.

Nilikuwa na sheria moja: ukuta peke yake.
Watu niliwasubiri wapite.
Bibi na mikate yake, apite.
Wanafunzi, mbwa mwenye kipini cha manjano sikioni,
wapendanao wasiojua kuagana, wapite, wapite.
Nishushe pumzi, ndipo nibonyeze.

Kwenye kivuko cha chini ya barabara alikuwapo sungura.
Mrefu kuliko mlango, amevaa miwani,
anasoma gazeti lisilo na neno hata moja,
rangi yake ya zabibu kabla ya kukamuliwa.
Na mbele ya sungura, juu ya kreti, Ushangi,
na ndoo ya mbegu za alizeti, na kikombe cha kupimia.

Nikamwomba asogee. Dakika moja tu.
Akapasua mbegu, akatema ganda.
"Mimi nilitangulia. Huyu kaja majuzi, usiku,
hata hodi hakupiga. Mwambie yeye."

Nikarudi Jumanne. Yupo.
Nikarudi alfajiri, theluji imeziba ngazi:
yupo, anapuliza vidole, sungura anasoma.
Siku ya nne nikapiga kwa hasira,
yeye katikati, mkono juu, anaifukuza kamera kama nzi,
na mwanga ukavuja pembeni, kama kawaida yake.
Nyuma ya picha nikaandika: imeharibika.

Mwezi wa nne manispaa wakaleta ndoo zao.
Kijivu. Si cha mawe, si cha njiwa;
kijivu cha ofisi.
Sungura akaondoka kuanzia miguuni.
Kijana mwenye brashi, nasikia, alikuwa mfupi,
masikio yakabaki siku mbili yakisikiliza,
hadi ilipopatikana ngazi.
Kreti nayo haikuwapo. Nikauliza duka la simu.
Mapafu, wakasema. Tangu Machi.

Bintiye, Natela, alinitafuta mwenyewe.
"Nasikia wewe hupiga picha za kule chini.
Sisi hatuna ya karibuni. Ile ya msibani
tuliikuza kutoka kwenye kitambulisho,
na humo ana nywele."

Nikamtandazia mezani miaka sita ya kuta.
Safi. Hakuna mtu.
Akazipitia moja moja, kwa adabu
ya mgeni anayetembezwa nyumba tupu.
Kisha nikaenda kwenye droo.

Aliishika kwa ncha za vidole. Akacheka,
akaziba mdomo kana kwamba kuna mtu amelala.
"Huo mkono! Hivyo hivyo
ndivyo alivyokuwa akitufukuza jikoni."
Sungura hakumwona kabisa.
Mlangoni akaigeuza, akasoma neno langu.
Hakuuliza. Akaiweka mkobani.

Juzi nilishuka tena. Kijivu kimeanza kuchubuka,
kioo kimoja cha miwani kinachungulia.
Nikainua kamera.
Juu ya ngazi akatokea mtu, godoro mgongoni,
akaniona, akasita, akataka kunipisha.
Pita, nikamwambia.
Wala usiharakishe.